Plagi Nne, Keki ya Sendofu na Gari Langu la Kupelekea Oda

Leo siongelei picha za bidhaa wala mteja anayeuliza "bei gani" halafu anapotea. Naongelea plagi za gari. Najua kuna walioanza kupitisha kidole, lakini kama oda zako unapeleka kwa gari, hata la kuazima kwa shemeji, kaa hapa kidogo. Mimi plagi moja ilinitoa shilingi 80,000 kwa siku moja, na ilibaki kidogo initoe 320,000 nyingine.

Natengeneza keki za oda, nipo Tabata. Duka langu ni simu na jiko la nyumbani. Gari ni Toyota IST ya zamani, naipenda kwa sababu ukilaza viti vya nyuma keki ya ngazi tatu inakaa bila kuinama.

Tatizo lilianza kidogo kidogo. Asubuhi ukiwasha, gari linatetemeka kama mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi, halafu linatulia. Nikalizoea. Mafuta ya wiki yaliyokuwa 70,000 yakafika 95,000, mimi nikawa nalaumu bei ya petroli. Mbaya zaidi nikapandisha nauli ya kupeleka oda kutoka 5,000 hadi 7,000, na kuna wateja wawili wa maofisini waliniacha hapohapo. Hesabu zote zipo kwenye daftari, ila kichwani mwangu gari halikuwa sehemu ya duka. Lilikuwa gari tu.

Fundi wangu alilisikiliza dakika moja, akasema, "Dada, plagi zimechoka hizo. Tafuta plagi nne nzuri nikufungie."

Hapo nikajifanya mjanja. Nikaingia mtandaoni, nikakuta ukurasa unauza plagi nne kwa 24,000, "orijino kabisa, wahi zinaisha", jina kubwa juu ya boksi. Sikuuliza kitu. Muuzaji naye hakuniuliza kitu: gari gani, injini gani, mwaka gani. Nikatuma hela, boda akaleta, fundi akazifunga huku akizigeuzageuza mkononi. Akasema tu, "Haya, tuone." Ile "tuone" yake ningeielewa siku ile, nisingeandika haya leo.

Gari likatulia wiki sita.

Jumamosi moja nikawa na keki ya sendofu ya kwenda Goba. Ngazi tatu, krimu nyeupe, maua ya sukari niliyoyakesha usiku kucha. Bei 250,000, na 150,000 nilishapokea. Nimetoka nyumbani saa nane mchana. Kwenye foleni ya Ubungo gari likaanza kutikisika, si kidogo tena, usukani wote unacheza. Kila nikisimama nageuka kuangalia nyuma, nauona mstari kwenye krimu unakua. Tulipoanza kupanda njia ya Makongo kwenda Goba, gari halina nguvu kabisa, mguu umefika chini na bajaji inanipita. Nikazima AC ili lipande. Dirisha siwezi kufungua, vumbi. Jua la Dar mnalijua. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Nilifika ngazi ya juu imeegemea kama mzee aliyesinzia kwenye kiti. Huwa natembea na krimu ya akiba na kisu cha kulainishia, nikaomba jiko lao, nikaitengeneza kwa dakika 40 mikono inatetemeka. Ikasimama, lakini haikuwa keki ya kwenye picha niliyowatumia. Mama wa binti aliiangalia, akasema, "Mwanangu, tutafanyaje sasa." Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Nikarudisha 80,000 kabla hajaniomba.

Hapa niingize jambo moja. Taa ya injini ikiwaka na kubaki imewaka, una muda wa kutafuta fundi. Ikianza kuwaka na kuzima huku gari linamisi, punguza mguu na utafute pa kusimama. Maana yake kuna silinda haichomi, petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuungulia humo, na kataliti inaweza kupata moto mpaka ikafa. Kataliti si kitu cha bei ya keki. Mimi sikusimama kwa sababu ya ile sendofu, nikabahatika. Usinifuate kwenye hilo.

Jumatatu nikaenda gereji ya karibu, fundi wangu alikuwa msibani Tanga. Wakachomeka mashine, ikasoma P0303. Tarakimu ya mwisho kwenye kodi hizo ndiyo silinda: P0301 ni ya kwanza, P0302 ya pili, hivyohivyo. P0300 ni gari kumisi ovyo bila kutaja silinda moja. Kwangu silinda ya tatu ndiyo ilikuwa hailipuki. Yule jamaa akasema koili zimekufa, tubadilishe zote nne: 70,000 kwa kila moja, ufundi 40,000. Jumla 320,000. Simwiti mwizi, koili zinakufa kweli. Lakini silinda moja ina shida, kwa nini nibadilishe nne bila kupima hata moja?

Nikamtumia fundi wangu ujumbe wa sauti. Akajibu, nyuma yake nasikia watu msibani: "Dada usilipe. Hamisha koili ya tatu upeleke ya kwanza, ya kwanza ipeleke ya tatu. Washa. Ugonjwa ukihama, ni koili. Ukibaki palepale, angalia plagi kwanza." Nikamwambia mimi sijawahi hata kufungua boneti zaidi ya kuongeza maji. Akasema, "Unapima unga kwa gramu, utashindwa nati ya namba kumi?"

Sasa nieleze plagi inafanya nini, maana ukielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Ni kipande cha chuma na kauri chenye mwanya mdogo kwenye ncha, kwa injini yangu milimita 1.1. Koili inasukuma umeme wa volti maelfu kwa maelfu, unaruka mwanya ule, cheche inawasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 1,000 kwa dakika hiyo. Saa moja ya foleni na mwendo, ni maelfu kwa makumi. Ncha inalika, mwanya unapanuka, koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi, na ndiyo maana plagi mbovu ukiiacha muda mrefu mwishowe inaua koili nzima. Kwa hiyo yule wa gereji hakuwa mbali sana na ukweli, alikuwa ameruka hatua tu.

Nikafungua boneti nyumbani, injini imepoa kabisa, funguo mfukoni. Kwenye IST yangu plagi zimejipanga katikati juu ya injini, ukitoa kile kifuniko cha plastiki unaona koili nne zimesimama mstari, kila moja imekaa juu ya plagi yake na imeshikwa na nati moja ya namba 10. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda wa alternata. Ukisimama mbele ya gari umelitazama, iko kushoto kwako, unahesabu kwenda kulia. Nilibadilishana koili ya kwanza na ya tatu. Kisha nikafanya hivi: nachomoa kichwa cha waya cha koili moja, nawasha gari sekunde chache, nasikiliza, nazima, narudisha, nakwenda inayofuata. Ukichomoa ya silinda nzima, mlio unaharibika zaidi. Ukichomoa ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Usichezee hivyo muda mrefu, ni ileile petroli mbichi niliyoisema.

Ya kwanza mlio ukaharibika. Ya pili ukaharibika. Ya tatu, kimya, gari linatikisika vilevile. Ugonjwa haukuhama. Koili niliyotaka kuilipia 70,000 ilikuwa imekaa kwenye silinda ya kwanza inafanya kazi vizuri tu.

Nikaenda tena kutafuta plagi, safari hii nimeungua. Ukurasa wa pili niliomwandikia hakunipa bei. Aliniuliza: "Dada naomba picha ya namba ya chasisi." Nikatuma. Akajibu, "NCP61, hiyo injini ni 1NZ ya 1500. Plagi yake ya kawaida ni Denso K16R-U11, au NGK BKR5EYA-11. Ya iridiamu pia ninayo, bei yake juu. Unatembea kilomita ngapi kwa wiki?" Nikamwambia. Akasema ya kawaida inatosha, ila nisiisahau. Kisha akapiga picha plagi yenyewe mkononi mwake, ncha inaonekana, na boksi lake pembeni. 12,000 moja, nne 48,000. Mara mbili ya zile za mwanzo, na sikuomba hata punguzo.

Mnaouza spea humu, hapo ndipo mteja wako anapopatikana. Zile herufi si mapambo. Kwenye K16R-U11, ile K inasema uzi wake ni wa milimita 14 na spana yake ni namba 16, 16 inayofuata ni kiwango cha joto cha plagi, R ina kizuizi cha kuzuia kelele kwenye redio, na 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1. Andika namba hiyo kwenye tangazo, taja gari na chasisi inayoingia, weka picha ya ncha na si picha ya katalogi. "Plagi za Toyota zote" ni tangazo la kumpoteza mtu kama mimi.

Vifaa nilinunua Gerezani, Kariakoo, kwa 38,000: racheti, chuma cha kurefushia, soketi namba 10 na soketi ya plagi namba 16. Soketi ya plagi inatakiwa iwe na mpira au sumaku ndani, maana plagi iko chini kwenye shimo refu na lazima soketi iing'ang'anie wakati wa kutoa. Niliyopewa kwanza haikuwa na mpira, nikairudisha. Kwa anayetaka kuanza bila hela nyingi, azima kwanza.

Kazi yenyewe nilianza saa kumi na mbili asubuhi, injini baridi kama jiwe. Hilo la baridi si urembo. Kichwa cha injini ni aluminiamu, ukifungua plagi cha moto unaweza kuvuta uzi wake ukatoka nao, na hapo ndipo gharama inapoanza kwa kweli. Fanya silinda moja hadi imalizike, ndipo uende nyingine. Nilichomoa kichwa cha waya kwa kubonyeza kibanio chake taratibu, plastiki za magari ya zamani zimekauka, ukivuta kwa hasira kinavunjika. Nikafungua nati, nikazungusha koili kidogo kushoto na kulia, ikatoka kwa kuvutwa juu. Kabla ya kugusa plagi nikapuliza lile shimo. Sina kompresa, nilitumia pampu ya baiskeli ya mwanangu. Mchanga ulioko mle ukidondoka ndani ya silinda ukitoa plagi, umejitafutia kazi.

Plagi ya tatu ilipotoka nilikaa chini kwenye stuli. Kauri yake nyeupe ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na mstari mweusi umefuata ule ufa. Umeme ulikuwa unapita pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Nikatoa na nyingine tatu, nikazipanga kwenye trei ya keki. Washa ya moja ikanidondokea mkononi yenyewe, wakati ya plagi nzuri haitoki kirahisi hivyo. Maandishi yakafutika kwa kidole chenye petroli. Mbili ncha ya katikati haikuwa katikati. Vyote hivyo ningeweza kuviona kabla hazijafungwa, kama ningezitazama kama ninavyotazama siagi ninapopokea mzigo.

Kwa anayetoa plagi zake na kutaka kuzisoma: ncha ya kahawia nyepesi au kijivu, injini yako inapumua vizuri. Nyeusi kavu kama masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa, anza na kutazama chujio cha hewa. Imelowa oili, kuna oili inaingia ndani, na hapo mwite fundi. Nyeupe yenye malengelenge, injini inapata joto kupita kiasi. Na ukikuta oili imesimama kwenye shimo juu ya plagi, si ndani, mara nyingi ni sili za kifuniko cha juu zimechoka. Hiyo inatibika bila kufungua injini.

Kufunga ndiko nilikokuogopa zaidi. Fundi aliniambia nitumie kipande cha mpira mwembamba wa mafuta: unaingiza kichwa cha plagi kwenye mpira, unaishusha shimoni, unazungusha mpira kwa vidole. Plagi ikiingia kombo, mpira unateleza na hauna nguvu ya kuharibu uzi. Nikapata ya kwanza mara ya pili. Ikishakaa kwa vidole mpaka mwisho, ndipo unaweka spana: nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya yenye washa, utasikia washa inabonyea, unaacha. Ukikaza kama unakaza bolti za tairi utakata uzi, ukilegeza plagi itapata moto vibaya. Kuna jirani alikuja na grisi ya kupaka kwenye uzi, nikamshukuru nikaiweka pembeni. Plagi nyingi za sasa zimeshapakwa madini kuzuia kutu, na NGK wenyewe wanakataza kupaka, kwa sababu uzi ukiteleza unakaza kupita kiasi bila kujua. Na plagi ikikudondoka sakafuni, usiifunge. Ufa wa kauri wakati mwingine hauonekani.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Gari likatikisika kuliko siku ya sendofu.

Sitawadanganya, machozi yalinilenga. Mtoto amesimama mlangoni na sare za shule, mimi nimejaa masizi, oda ya saa tano inanisubiri. Nikazima. Nikapitia upya moja moja kwa mkono. Kichwa cha waya cha silinda ya nne nilikuwa nimekisukuma lakini hakikulia "ta". Nikakibonyeza, kikalia. Nikawasha tena, na lile gari likakaa kimya mpaka nikatazama dashibodi kuhakikisha kweli limewaka.

Si kila gari ni la kuanzia nyumbani. Subaru plagi zake ziko ubavuni, zimebanana na chasisi. Injini za V6 zilizolala kwa upana, safu ya nyuma mara nyingi iko chini ya manifodi ya hewa. Honda Fit za mwanzo zenye injini ya i-DSI zina plagi nane, mbili kila silinda, nne ziko nyuma. Na mwenye gari la dizeli asihangaike, dizeli haina plagi za cheche kabisa. Plagi ikigoma kutoka, usilazimishe pia. Rudisha, mpelekee fundi, utalipa ufundi tu.

Yule muuzaji wa kwanza nilimwandikia kwa heshima, nikamtumia picha ya ufa. Akajibu, "Wewe hujui kutumia." Nikamuuliza plagi inatumiwaje vibaya ikiwa imefungwa tu, akaniblok. Hela yangu 24,000 ilikwenda, na yeye alipoteza zaidi, maana kwenye kundi letu la mama lishe na waoka keki tuko zaidi ya 60 na nusu tuna magari. Yule wa pili, wiki mbili baadaye, aliandika mwenyewe: "Dada, gari linaendeleaje?" Nimempelekea wateja watano.

Na ile ya kuuliza kabla ya kutaja bei nimeichukua kwenye keki. Sasa mtu akiniandikia anataka keki ya ngazi tatu, namuuliza kwanza sherehe inaanza saa ngapi, ukumbi una AC au ni turubai, keki itakaa mezani muda gani kabla ya kukatwa. Wengine nawashauri waache krimu wachukue fondanti. Kuna aliyeniambia ninamchosha na maswali. Wengi wanalipa malipo ya awali kabla hata sijamaliza kuuliza.

Mafuta ya wiki yamerudi 72,000, na nauli ya kupeleka nimeirudisha 5,000. Mmoja wa wale wawili wa maofisini amerudi. Fundi wangu aliporudi kutoka Tanga alifungua boneti, akajaribu kila plagi kwa mkono mwepesi, akasema ya pili nimeikaza kidogo sana. Akaiongeza robo ya robo, akakataa hela.

Plagi za kawaida kama hizi zinatarajiwa kwenda kilomita 20,000 hadi 40,000 hivi, za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Kwa barabara zetu na foleni zetu mimi nimechagua namba ndogo. Nimebandika utepe wa karatasi chini ya boneti, nimeandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi ya keki: plagi mpya, kilomita 142,600. Nitazitoa kuzitazama 162,000. Ile soketi ya namba 16 inakaa kwenye droo moja na nozeli za krimu, kwa sababu nimegundua ndiyo droo pekee ambayo watoto hawaichokonoi.